Mfuate Mama, Utaupata Ukoo: Guyon, Dion na Majina ya Beauport

Wazee wangu, akina mama na akina baba, na nyinyi vijana mliokuja na watoto: shikamooni, hamjambo. Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii kabla ya chakula.

Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya majina ya koo, na najua wengi mlitarajia nizungumzie majina yetu yanavyovurugwa kwenye makaratasi ya uhamiaji. Hayo tutayafikia kwenye maswali. Leo nimechagua ukoo usio wetu, ukoo wa walowezi wa Kifaransa, tena mmoja tu: ukoo wa Jean Guyon, fundi mwashi aliyefika hapa Quebec, Kanada, mwaka 1634 na kupiga kambi Beauport. Beauport hiyo ndiyo hii ambayo tangu mwaka 2002 imeunganishwa na Jiji la Quebec, na ambako baadhi yenu mnalipa kodi ya nyumba kila mwezi. Watoto wenu wanakaa darasani na akina Dion, akina Bélanger, akina Paradis, akina Després. Sisemi kwamba kila mwenye majina hayo ni ndugu wa mwenzake. Nasema kwamba majina yote manne yanaweza kukupeleka kwenye mlango wa nyumba moja, na ningependa tuufikie mlango huo pamoja.

Jean Guyon alibatizwa Septemba 1592 huko Tourouvre, mji mdogo wa mkoa wa Perche, Ufaransa, upande wa magharibi wa Paris. Baba yake Jacques Guyon, mama yake Marie Huet. Naomba mlishike jina la mama, tutalihitaji. Jean alijifunza uashi, na alikuwa mwashi wa kuaminika, maana mwaka 1615 alipewa kazi ya kujenga ngazi za mawe za mnara wa kanisa la kwao. Mwaka huohuo alimwoa Mathurine Robin katika mji wa Mortagne. Miaka 19 baadaye, Machi 1634, yeye na rafiki yake Zacharie Cloutier, seremala, walikwenda mbele ya notari, mwandishi rasmi wa mikataba, wa Mortagne wakawekeana mkataba na Robert Giffard, tabibu aliyekuwa amepewa umwinyi wa Beauport, yaani eneo kubwa la ardhi ambalo bwana wake, mwinyi, huwagawia wengine. Wao wangefyeka msitu na kujenga. Naye Giffard angewapa ardhi.

Hapo ndipo jina linapoanza kukua.

Guyon lenyewe ni jina la kale. Linatokana na Guy, jina la ubatizo lenye asili ya Kijerumani, Wido, lile ambalo Waitaliano wanalitamka Guido. Kifaransa cha zamani kilikuwa na desturi ya kuongeza -on mwishoni, Guy akawa Guyon, Hugues akawa Hugon. Mahali fulani katika karne za kati mtu mmoja aliitwa Guyon, watoto wake wakaitwa watoto wa Guyon, na jina likaganda. Koo nyingi za Ufaransa zilipata majina kwa njia hiyo na sina la kuongeza.

Utamu uko kwenye lakabu. Ardhi aliyopewa Jean ilikuwa kando ya kijito kilichoitwa Buisson, yaani kichaka. Haikuwa shamba la kawaida. Ilikuwa umwinyi mdogo ndani ya umwinyi mkubwa, na mwenye umwinyi, hata mdogo, alikuwa na haki ya kubeba jina la ardhi yake. Kwa hiyo fundi mwashi wa Tourouvre akaanza kuandikwa Jean Guyon du Buisson, na wakati mwingine sieur du Buisson, bwana wa Buisson. Kwa mtu aliyezaliwa bila cheo katika Ufaransa ya mwaka 1592, hayo yalikuwa mabadiliko makubwa.

Na alilipia. Guyon na Cloutier waliitaka ardhi, lakini hawakutaka kumpigia magoti Giffard. Ugomvi ukaenda hadi kwa gavana Montmagny, naye akaamua kwamba lazima wamwapie utii. Katika miaka ya 1640 Guyon akaenda kwenye mlango wa nyumba ya mwinyi, akapiga magoti chini, kichwa wazi, bila upanga, akaita mara tatu: «Monsieur de Beauport, Monsieur de Beauport, Monsieur de Beauport», akatamka kwamba anamletea kiapo na heshima anayodaiwa kwa ajili ya Buisson. Kila ninapoiona du Buisson kwenye daftari la zamani namkumbuka mzee yule wa miaka hamsini akiwa amepiga magoti. Kwetu sisi tunaotafuta koo, tukio hilo lina faida yake, kwa sababu linatuonyesha lakabu ilitoka wapi, kwa ardhi gani na kwa bei gani. Lakabu nyingi hazina cheti cha kuzaliwa namna hiyo.

Wakati huo Wainnu, wenyeji wa nchi hii, walikuwa na majina yao kwa mito na vichaka vya pwani hii tangu zamani. Notari wa Mortagne hakuwauliza, wala Giffard hakuwauliza. Tukisema du Buisson ni jina la ardhi, tukumbuke kwamba ni jina la pili la ardhi hiyo.

Sasa njooni kwa watoto. Jean na Mathurine walikuwa na wana wengi, na kila mwana alihitaji kujulikana kivyake. Jean mdogo, mpima ardhi, alibaki na du Buisson ya baba. Michel, aliyekuwa seremala wa meli, akaitwa du Rouvray. François, aliyezaliwa hapa hapa, akaitwa Després, jina linalotaja mbuga za malisho. Simon, Claude na Denis waliandikwa Guyon kwa kawaida. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, waliokula chungu kimoja, na tayari lakabu ni tatu.

Sababu yake ni nyepesi ukiyaangalia madaftari ya parokia. Majina ya ubatizo yalikuwa machache mno. Kila nyumba ilikuwa na Jean, na Pierre, na François, na kila binti alikuwa Marie wa namna fulani. Ndugu watano wakimpa kila mmoja mwanawe jina la babu, katika kizazi kimoja mna Jean Guyon watano kwenye kijiji kimoja. Nani anadaiwa? Nani ameuza ng'ombe? Lakabu ndiyo ilijibu. Makarani waliiandika kwa neno dit, maana yake «aitwaye»: Guyon dit Després, Guyon aitwaye Després. Kizazi kimoja au viwili baadaye mtu anachoka kubeba mzigo wa majina mawili, anaweka moja chini. Tawi hili linalitua Guyon, tawi lile linaitua lakabu. Karani hawaulizi kwa nini. Anaandika anachosikia.

Na alichosikia ndicho kilichozaa Dion.

Watu wa mashambani wa Kifaransa, kule na huku, walikuwa wakitamka sauti ya gi mbele ya vokali kwa ulimi uliokaribia sana di. Ni hali ile ile ya mtu wa Mombasa kusema ndia na mtu wa Unguja kusema njia, kila mmoja akiwa na uhakika kwamba ndivyo neno lilivyo, na wote wanafika wanakokwenda. Hapa Quebec wazee walisema guiable kwa diable, shetani. Kwa mtu wa matamshi hayo, Guyon na Dion ni sauti moja. Padre aliyesoma Paris anaandika Guyon. Padre mwingine, kijana wa hapa, anasikia Dion, anaandika Dion. Utakuta pia Guion na Dyon. Katika karne ya 18 maandishi ya Dion yalizidi kuenea, na mwishowe matawi mengi yakabaki nayo. Mwimbaji Céline Dion, mnayemjua nyote, ni mzao wa mwashi huyu wa Tourouvre. Ukimtafuta babu yake chini ya herufi D katika madaftari ya mwaka 1640, hutampata kamwe.

Niseme kidogo juu ya jeshi, kwa sababu watu husikia lakabu na kudhani zote zilitoka huko. Mwaka 1665 kikosi cha Carignan-Salières kilifika na askari wapatao 1,200 kupigana na Wairokwa, taifa jingine la wenyeji, na karibu 400 wakabaki kuwa wakulima. Askari wa Kifaransa walipewa majina ya vita: Lafleur, Lajeunesse, Sansouci, Jolicœur, Tranchemontagne, yaani Mkata-mlima. Majina hayo yamejaa kwenye vibao vya milango ya mji huu. Lakini lakabu za Guyon hazina bunduki ndani yake. Ni za ardhi, na zilikuwapo kabla ya kikosi kile kufika. Ukiichanganya lakabu ya ardhi na ya jeshi utaenda kutafuta kwenye orodha za askari mtu ambaye hakuwahi kushika silaha kwa mshahara.

Kuna aina ya tatu, jina ambalo mtu alijitungia, nalo pia liliingia katika nyumba ya Guyon, kwa njia ya mkwe. Denis Guyon, mfanyabiashara wa hapa mjini, alizaa na Élisabeth Boucher binti aliyeitwa Marie-Thérèse. Juni 1687 Marie-Thérèse aliolewa hapa Quebec na mwanamume kutoka kusini mwa Ufaransa. Bwana harusi alijitambulisha mbele ya padre kuwa Antoine de Lamothe, bwana wa Cadillac, mwana wa Jean de la Mothe, mshauri katika mahakama kuu ya Toulouse, na wa Jeanne de Malenfant. Maneno mazito hayo, na karibu yote si ya kweli. Kitabu cha ubatizo cha Saint-Nicolas-de-la-Grave kina mtoto wa Machi 1658 aitwaye Antoine Laumet, mwana wa Jean Laumet, mwanasheria na hakimu wa mji mdogo, na wa Jeanne Péchagut. Ndiye huyo. Alivuka bahari akiwa Laumet na kuibuka upande wa pili akiwa mwungwana.

Mwaka 1701 alianzisha Detroit, na katika vuli ya mwaka huohuo Marie-Thérèse Guyon akamfuata. Yeye na Anne Picoté de Belestre, mke wa Alphonse de Tonty, ndio wanawake wa Kifaransa wa kwanza kufika kwenye ngome ile. Mwaka 1902 kampuni ya magari ya Detroit ikachukua jina la Cadillac, na nembo aliyojibunia ikapanda mbele ya gari. Jina la kujitungia limezunguka dunia nzima. Jina la mkewe, lililokuwa la kweli, watu wachache wanalijua.

Laumet alinaswa na kitabu cha ubatizo. Swali sasa: unamnasaje Guyon aliyejificha nyuma ya Després, au Dion? Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ndilo jambo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza.

Mfuate mama.

Katika koloni hii mwanamke hakupoteza jina lake alipoolewa. Mathurine Robin alizaliwa Robin, akazaa watoto wa Guyon, na alipofariki mwaka 1662, mwaka mmoja kabla ya mumewe, alikuwa bado Robin. Madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko yaliandikwa na mapadre kwa amri za mfalme. Amri ya mwaka 1539 ilidai ubatizo uandikwe, na ile ya 1667 ilidai nakala mbili. Hati ya ndoa kwa kawaida ilitaja wazazi wa pande zote mbili, na mama akitajwa kwa jina alilozaliwa nalo. Kwa hiyo ukikuta kijana ameandikwa Després tu, bila Guyon, na hati yake ya ndoa inasema mama yake ni Marie-Madeleine Marsolet, umeshafika. François Guyon alimwoa Marie-Madeleine Marsolet mwaka 1662. Jina la baba limebadilika njiani, la mama limesimama pale pale. Wanaume walibeba majina ya ardhi, ya vita, ya kujitungia. Wanawake waliubeba ukoo.

Tena mabinti wenyewe. Barbe Guyon aliolewa na Pierre Paradis, fundi wa visu, huko huko Mortagne, wakaja baadaye. Marie Guyon aliolewa hapa na François Bélanger mwaka 1637. Wajukuu wa mwashi kupitia mabinti hao wanaitwa Paradis na Bélanger. Huo ndio mlango mmoja niliowaahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, katika mradi wa demografia ya kihistoria ulioanza mwaka 1966, walihesabu wazao wa walowezi wa kwanza waliokuwa wamefunga ndoa kabla ya mwaka 1800. Cloutier wa shoka (hakujua kuandika, alichora shoka mahali pa sahihi) alikuwa wa kwanza kwa wazao 10,850. Guyon alikuwa na 9,674. Ondoa mabinti kwenye hesabu hiyo uone kitakachobaki.

Kazi yenyewe ina mashimo. Juni 1640 kanisa la Quebec liliungua pamoja na madaftari yake yote, na mapadre wakaandika upya ubatizo na ndoa za nyuma kwa kumbukumbu za watu. Ndoa ya Marie ya mwaka 1637 imetufikia kwa njia hiyo. Nawaza wale waliokaa na padre wakikumbuka nani aliolewa lini, na nina hakika akina mama ndio waliokumbuka zaidi. Baadaye padre Cyprien Tanguay alichukua miaka mingi kukusanya koo zote katika kamusi ya juzuu 7, ya kwanza ikitoka mwaka 1871. Hata leo ndiyo watu wengi huanzia, ingawa ina makosa na ni lazima uhakikishe kwenye hati yenyewe.

Na kwa dada zetu mnaoshangaa kwa nini mkifunga ndoa hapa hamwezi kubadili jina kuwa la mume: tangu Aprili 1981 sheria ya Quebec inataka kila mwanandoa abaki na jina lake la kuzaliwa. Baadhi yenu mmelilalamikia jambo hilo mbele yangu. Mimi, kama mtu anayesoma madaftari, nalifurahia sana. Wajukuu zenu watawapata bila shida.

Lipo jambo moja zaidi, na naomba vijana mlisikilize. Novemba 1645 Jean Guyon mdogo, yule mpima ardhi, alimwoa Élisabeth Couillard, binti wa Guillaume Couillard. Kitabu cha kumbukumbu cha mapadre Wajesuiti kinataja kwamba kwenye harusi hiyo zilipigwa fidla mbili, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika koloni. Katika nyumba ya bibi harusi aliishi kijana Mwafrika.

Alikuwa ametolewa Madagaska, katika bahari yetu ya Hindi, akiwa mtoto mdogo. Aliletwa hapa na ndugu wa Kirke, Waingereza walioiteka Quebec mwaka 1629, akauzwa, na Wafaransa waliporudi mwaka 1632 akawekwa kwa Couillard. Padre Paul Le Jeune alimfundisha kusoma. Padre huyo aliandika kwamba mtoto alipoambiwa ubatizo utamfanya awe kama wao, alijibu kwamba yeye ni mweusi na wao ni weupe, basi itabidi achunwe ngozi ili afanane nao. Mtoto wa miaka michache, ametoka mbali namna hiyo, na akili kali hivyo. Mei 1633 alibatizwa Olivier, kwa jina la karani Olivier Le Tardif. Baadaye akaitwa Le Jeune, kwa jina la padre. Mwaka 1638 alifungwa minyororo saa 24 kwa kumsingizia Nicolas Marsolet, ambaye bintiye ndiye yule Marie-Madeleine niliyewatajia, mama wa akina Després. Mwaka 1654 alizikwa, na kitabu kinamtaja kuwa mtumishi wa Couillard.

Olivier Le Jeune ana jina la ubatizo na jina la ukoo kama Mfaransa yeyote wa wakati ule, na yote mawili ni ya watu wengine. Njia niliyowafundisha leo inashindwa kwake, kwa sababu hakuna hati iliyoandika mama yake. Kwa upande wa Guyon nimewapa Marie Huet, Mathurine Robin, Élisabeth Boucher, Marie-Madeleine Marsolet. Kwa Olivier sina hata jina moja la kuwapa, wala la kijiji. Nimekuja kumtaja mbele yenu kwa Kiswahili kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu kati yetu wapo wanaojua Kimalagasi na wanaosoma historia chuoni, na hati za safari za Waingereza wa miaka ile zipo zinangoja msomaji.

Ahsanteni sana. Mwenyekiti, karibu utuongoze kwenye maswali.